Daftari la Wakimbiaji Barazani

Swali la kwanza nililoulizwa nilipofika kijijini halikuwa kama najua kuchoma sindano. Lilikuwa kama najua kukanda misuli. Aliyeniuliza ni mwalimu wa shule ya msingi, Mbondei mrefu mwenye filimbi shingoni, na nyuma yake walikuwa wamejipanga watu kumi na wawili, miguu peku, wanahema. Walikuwa wamepanda mbio kutoka Soni, na ukungu ulikuwa bado umeshika nywele zao. Mimi nilikuwa na siku tatu tu pale. Nilikuwa nimevaa sweta mbili na bado natetemeka, na nilikuwa nimenuna, maana nilikulia Tanga mjini ambako mtu halali na soksi. Nikamwambia mwalimu kwamba nilisomea uuguzi, sikusomea kukanda. Akasema vizuri, basi kuanzia leo hawa ni wagonjwa wako, akapuliza filimbi, wanaume wakaanza kuvua mashati.

Uwanja hatukuwa nao. Kijiji kilikaa mgongoni mwa mlima, na mpira ukitoka nje, mtu alikwenda kuufuata bondeni nusu saa nzima. Miaka ile ya Ujamaa kila kijiji kilitaka kuwa na kitu cha kujivunia. Wengine walikuwa na kwaya, wengine walikuwa na trekta, na kule chini Mazinde walijivunia timu yao ya mpira. Sisi tulikuwa na njia za kupanda na kushuka, na watu waliozizoea tangu wakiwa migongoni mwa mama zao. Mwalimu aliona kwamba hapo pana mbio, akaanzisha timu, na mwaka uliotangulia ilikuwa imekwenda Lushoto ikarudi na kikombe. Kikombe hicho kiliwekwa ofisi ya kijiji, na wazee walikuwa wakienda kukitazama kama mgeni aliyelala.

Humu sitamtaja mtu kwa jina. Baadhi yao wametangulia mbele ya haki, wengine bado tunasalimiana sokoni, na kisa chenyewe kilinifundisha adabu ambayo sitaki kuivunja uzeeni.

Mwalimu alinipa kaunta buku yenye jalada jekundu. Alikuwa ameichora mistari kwa rula: jina, umri, uzito, mapigo ya moyo, ugonjwa au jeraha, ushauri wa nesi. Kila Alhamisi asubuhi wakimbiaji walikuja zahanati nikawapima. Mganga mkuu wa zahanati alikuwa amepelekwa kusoma, kwa hiyo nilibaki bosi wa chumba kimoja, kabati moja la dawa na baraza. Niliyapenda mamlaka yale, sitadanganya. Nilikuwa na mwandiko mzuri, wa duara, na chuoni tulifundishwa kwamba kisichoandikwa hakikufanyika, basi nikaandika kila kitu. Nani ana funza, nani ana fangasi katikati ya vidole, nani ameteguka kifundo, nani tumbo lina minyoo. Nikimaliza nililiacha daftari juu ya meza ya barazani, wazi, ili kila mtu aone kwamba nesi mpya anafanya kazi.

Leo mtu akisikia hivyo atashika kichwa. Lakini ujue kwamba kijijini kwetu kila kitu kiliandikwa na kikaachwa wazi. Daftari la shamba la viazi la kijiji lilining'inia kwenye msumari nje ya ofisi: nani alifika kulima, nani hakufika, nani aliondoka kabla ya saa. Duka la ushirika nalo lilikuwa na karatasi ukutani ikionyesha magunia yaliyoingia na yaliyotoka. Kuficha karatasi kulionekana ni tabia ya walanguzi. Mtu akifunika daftari, watu walijiuliza amekula nini. Kwa hiyo hakuna aliyeona ajabu kwamba vidole vya miguu vya wanariadha vilikuwa mali ya umma, na mimi wa kwanza.

Shida ilianzia kwenye kisomo. Darasa la watu wazima lilikutana barazani kwangu saa kumi alasiri, kwa sababu zahanati ilikuwa na bati zima na shule haikuwa nalo. Mwalimu yuleyule wa filimbi ndiye aliyefundisha. Vitabu vilivyotufikia vilikuwa vinne kwa watu thelathini, na vyote vilizungumza juu ya pamba. Vilieleza namna ya kupanda pamba, namna ya kupiga dawa pamba, faida za pamba. Kwetu mtu akiona pamba ameiona kwenye godoro. Wanakisomo walijitahidi wiki mbili, wakachoka. Walitaka kusoma habari za watu wanaowajua.

Siku moja nilikuwa ndani nachemsha sindano, nikasikia kwaya nje: "Ki-fu-ndo cha mgu-u ki-me-te-gu-ka." Fimbo ikagonga. "A-ka-ndwe kwa ma-ji ya mo-to ye-nye chu-mvi." Nikachungulia. Mwalimu alikuwa amelisimamisha daftari langu kwenye ubao, anaonyesha kwa fimbo, na wazee kwa wamama wamenyoosha shingo, macho yanawaka. Nilitakiwa nikasirike. Badala yake nilicheka mpaka nikaunguza kidole kwenye sufuria, na moyoni nilifurahi sana kwamba mwandiko wangu unasomeka. Tangu siku hiyo Alhamisi ikawa siku ya mahudhurio makubwa kuliko zote. Waliofika kwa kuburutwa na balozi wa nyumba kumi sasa walifika mapema wakagombea mkeka wa mbele.

Mkeka wa mbele ulikuwa na mwenyewe. Alikuwa mama wa makamo, mnene wa sauti, mjane, mkulima wa kabichi na karoti, na kwa kusoma aliwashinda wote. Tatizo lake ni kwamba alichokisoma saa kumi na moja, saa kumi na mbili kilikuwa kimefika bombani wanakoteka maji, na kesho yake kiko Soni. Hakuwa na ubaya. Hakuwa na kifua tu. Habari ikimwingia ilimwasha mwili mzima mpaka aitoe. Watu walimpenda, walimcheka, na walipotaka jambo lienee walikwenda kumwomba asimwambie mtu.

Mkimbiaji mmoja, mpasua mbao mwenye mabega mapana, alikuwa na ngiri. Niliandika ngiri. Jumamosi yake wauza maparachichi walimuuliza sokoni mmoja baada ya mwingine mgosi, yaani bwana, ngiri inaendeleaje, na msichana mmoja aliyekuwa akimwangalia kwa jicho zuri akaanza kuangalia kwingine. Alikuja kwangu uso umemvimba kwa hasira, akasema hapimwi tena maisha yake. Nikamjibu kwa maringo kwamba ugonjwa si aibu na kwamba asinifundishe kazi. Nikikumbuka jibu lile natamani ardhi inimeze. Hakuwa ameniambia ugonjwa ni aibu. Aliniambia ni wake.

Sasa nifike kwa yule binti. Katika wale kumi na wawili, wanawake walikuwa watatu, na mmoja wao alikuwa wa peke yake. Mita elfu moja na mia tano alizikimbia kama mtu aliyetumwa chumvi na mboga iko jikoni: bila papara, bila kugeuka, na ghafla ameshafika. Alikuwa ameolewa miaka mitatu, na mama mkwe wake ndiye yule mama wa mkeka wa mbele. Kijijini wapo waliosema mke wa mtu hakimbii akiwa na kaptura, lakini mama mkwe aliwanyamazisha, maana kikombe cha ofisini alikihesabu nusu ni cha nyumbani kwake. Hapo walielewana. Ambapo hawakuelewana ni kwenye mtoto. Binti alikuwa ameharibikiwa mimba mara mbili, na mama mkwe, kwa sauti yake ileile, alikuwa ameanza kuzungumza bombani juu ya mwanawe kuongeza mke wa pili, binti mmoja wa Bungu ambaye dada zake wote walizaa mapacha.

Wakati wa kipupwe, wiki tatu kabla ya mashindano ya mkoa, binti alikuja Alhamisi kama kawaida. Mapigo ya moyo yalikuwa juu. Nikafungua chupa ya dawa ya kuchua, harufu ikampata, akatoka mbio akatapika kwenye majani ya nyuma. Aliporudi nilikuwa nimeshafunga chupa. Nikamuuliza tarehe zake, akanitajia bila kuhesabu. Wiki tisa. Nikamwambia mbio basi, mizigo basi, mlima wa Soni basi. Akaitikia kila kitu. Halafu akanishika mkono uliokuwa na kalamu.

"Dada nesi, usiandike," akasema. "Zile mbili zilijulikana kijiji kizima. Na kijiji kizima kilikuja kunipa pole. Safari hii niache nijue mwenyewe, hata mume wangu sijamwambia. Ikitoka, itoke bila watu. Ikikaa, wataiona."

Nilimwahidi. Na nilipomwahidi, mstari ulikuwa umeshaandikwa. Niliuandika huku akinitajia tarehe, kwa mazoea, kwa mwandiko wangu mzuri wa duara: jina lake, uzito, mapigo, mimba wiki ya tisa, asikimbie, asibebe mzigo. Nilikusudia kuukata ule ukurasa mara tu atakapotoka. Lakini akiwa bado anafunga kanga yake, waliletwa watu wawili waliopinduka na mkokoteni wa mbao, mmoja damu tele kichwani, na mimi peke yangu. Nikaliacha daftari barazani pale pale linapokaa siku zote. Nilishona, nikafunga, nikatafuta watu wa kumbeba mmoja mpaka Lushoto hospitali. Nilipoinua kichwa ilikuwa saa kumi na robo na darasa liko barazani.

Nilitoka na glavu mkononi. Wanakisomo walikuwa wanasoma pamba. Mezani hapakuwa na daftari.

Nilimuuliza mwalimu, akasema hata yeye ameshangaa, amefika hakulikuta, ndiyo maana wamerudi kwenye pamba, na watu wamenuna. Nilitazama uso mmoja mmoja. Mkeka wa mbele ulikuwa wazi, mama mkwe hakuja siku hiyo. Nilishukuru Mungu kwa hilo moja. Kwa mengine yote sikulala, sikula, nilikuwa nawaza mahali daftari lilipo na mdomo utakaolifungua. Kesho yake nikamwendea mpasua mbao kwenye msumeno wake, nikamshutumu mbele ya wenzake kwamba ameiba daftari kwa kulipiza kisasi cha ngiri. Alishuka kutoka juu ya gogo polepole, akaniambia kwamba kama angetaka kulichukua angelichoma, na kwamba hata sasa angependa kulichoma. Nikageuka nikarudi mlimani nalia kwa hasira, nusu kwa ajili yake na nusu kwa ajili yangu mwenyewe.

Siku mbili. Siku ya tatu asubuhi nilifungua mlango, daftari liko juu ya meza, limefungwa kwenye jani la mgomba kama samaki wa sokoni. Nikalifungua. Ukurasa ulikuwepo, mzima, na pembeni mwa mstari ule palikuwa na alama ya kidole chenye udongo, imeanza kwenye jina na kuishia kwenye neno la mwisho. Nilichukua wembe nikakata ukurasa, nikauchoma kwenye jiko la sindano, na siku nzima nikakaa nikisubiri habari itoke bombani. Haikutoka. Wiki ikapita, haikutoka. Nikaamua kwamba mtoto fulani alilichukua kuchezea, akaogopa, akalirudisha. Mtu akiogopa sana huamini lolote linalompa usingizi.

Tangu hapo nikawa na madaftari mawili. La barazani nililichora upya: jina, na kando yake neno moja, anakimbia au hakimbii. Hilo kila mtu alisome. La pili niliandika namba mahali pa jina, nikalifungia kwenye kabati la dawa kali, na ufunguo nikautia kamba shingoni. Mpasua mbao nilimwita nikamwonyesha kabati, kufuli na ufunguo, nikamwomba radhi mara mbili, mara ya kwanza kwa ngiri na mara ya pili kwa wizi. Alifikiri sana, akasema haya, nipime. Baadaye alikubali kwenda kupasuliwa Lushoto, na alirudi akakimbia miaka minne mingine, na msichana wa maparachichi akarudisha jicho.

Wanakisomo ndio waliokasirika. Walituma wajumbe watatu kuniuliza kwa heshima kabisa kile kidole kilichokuwa na usaha kiliishia wapi, maana walikuwa wakikifuatilia tangu Mei. Anakimbia, hakimbii, hayo si masomo, walisema. Niliwaonea huruma. Basi nikabuni mkimbiaji wangu. Nikasema ni mtu wa Vuga, mbali kiasi, na kila Alhamisi niliwaandikia ubaoni habari zake: goti, jino, mba, ndoto mbaya kabla ya mashindano. Nilimpa kila ugonjwa nilioujua. Walimpenda kupita kiasi. Mzee mmoja aliyekuja msibani kutoka Vuga aliulizwa na watu sita hali ya goti la jamaa yake, akarudi kwao amechanganyikiwa. Mama mmoja alinipa mayai manne nimpelekee. Niliyala mwenyewe, na sijajuta.

Mwalimu hakucheka. Kwenye daftari la barazani, kando ya jina la mkimbiaji wake bora, aliona neno hakimbii, na mashindano ya mkoa yamebaki siku kumi. Alitaka sababu. Alisema fomu ya wilaya ina nafasi ya sababu. Nikamwambia sababu ni ushauri wa nesi. Akasema huo si ugonjwa. Alikuwa mtu mwema, na timu ile aliipenda kuliko mshahara wake, lakini aliamini kutoka moyoni kwamba mahali tunapolima pamoja na kula pamoja, mtu hawezi kuwa na goti la peke yake. Tulibishana njia nzima kutoka shuleni mpaka dukani. Niliposhindwa maneno nilimwonyesha ufunguo, nikaurudisha ndani ya gauni, na hapo mwanamume mwenye heshima zake hakuwa na la kufanya.

Akalipeleka jambo kwenye mkutano wa kijiji. Lilikuja baada ya mbolea na kabla ya mengineyo. Mwenyekiti wa kijiji aliniita nisimame nieleze kwa nini kijiji kinanyimwa habari za mkimbiaji wake. Nikasimama, nikasema nililishwa kiapo chuoni na sitaeleza hata wakinirudisha Tanga leo. Watu wakaguna. Mmoja nyuma akasema binti amelewa sifa. Mwingine akasema labda ameahidiwa na timu ya Korogwe. Binti mwenyewe alikuwa amekaa upande wa wanawake, ameinamisha kichwa, mikono ameikunja tumboni, na niliogopa kwamba mtu mmoja tu mwenye akili akimtazama vile mikono yake ilivyokaa, yamekwisha.

Ndipo mama mkwe akainuka. Nikasema sasa ndiyo basi.

"Mimi ndiye niliyemkataza," akasema, na sauti yake haikuhitaji kupazwa. "Maharage yanapukutika shambani na mimi mgongo unaniuma. Mbio hazijazi debe. Mwenye neno aje nyumbani kwangu aniambie mimi, asimwambie nesi wala asimwambie mkwe wangu."

Kikao kizima kikageuka. Waliokuwa wanamlaumu binti sasa walimhurumia, na lawama zote zikamwangukia mama. Mwalimu alitikisa kichwa, akaandika kwenye fomu kwamba familia imekataa, akaenda Tanga na wakimbiaji kumi na mmoja. Upande wetu wa wanawake hatukushinda kitu. Kijiji kilinuna mwezi mzima, na bombani watu walimsemea mama mkwe maneno mazito, yeye ambaye miaka yote ndiye aliyewasemea wengine. Aliyabeba bila kujibu.

Mimi nilikuwa nimeokolewa, na badala ya kushukuru nilimchukia. Niliona ni mwanamke mwenye roho ngumu, anamnyima mkwe wake mbio kwa ajili ya debe la maharage, tena anajigamba. Shikamoo nilimpa, maana kumnyima mkubwa shikamoo ni kukosa adabu, lakini niliitoa kama mtu anayetema kokwa. Na kilichonichoma zaidi ni huo mgongo. Mgongo unaomuuma ulikuwa kila Jumanne na Ijumaa unashuka Soni na tenga la kabichi, na jioni unapanda na kuni. Nikasema, tazama uongo wake, hata haoni aibu.

Binti naye alinilalamikia. Alikuja kwangu kila wiki mbili kwa njia ya nyuma, katikati ya mahindi, amebeba fungu la mnavu kama anayeniuzia mboga. Sasa alikuwa amemwambia mumewe, na mume alijua kunyamaza. Lakini mama mkwe, alisema, siku hizi hamwelewi. Akigusa ndoo, mama anaichukua, anasema hujui kuteka, unachafua maji. Akifunga mzigo, mama anaufungua, anasema hujui kufunga, niachie. Anachelewa kumwamsha halafu anamwambia ni mvivu. Nilimpa pole. Nikamwambia vumilia, wakwe wa hivyo wapo. Sisi wawili tulikaa pale na ule mnavu tukamsengenya yule mama kwa raha zetu, na tumbo linakua.

Mwezi wa tano wa mimba tumbo lilionekana, na mwezi wa sita hata mwalimu aliliona. Alikuja zahanati akasimama mlangoni anachezea filimbi. Alisema ningemwambia. Nikamwambia angefurahi sana, na furaha yake ingefika Mombo kabla ya basi. Akafikiri, akacheka, akaomba daftari la barazani liendelee vilevile, neno moja tu, na akasema na lake la shule atalichora hivyohivyo kwa watoto wenye kifafa na wanaokojoa kitandani. Nilimpenda siku hiyo kama kaka.

Mtoto alizaliwa msimu wa plamu, mchana, mikokoteni ikipita njiani imejaa matunda na nyuki wakiifuata. Alikuwa msichana, kilo tatu na nusu, miguu mirefu, na alilia mpaka chupa za dawa zikagongana kabatini. Binti alilia, mimi nililia, na mumewe aliyekuwa kwenye majani ya nyuma alilia akasingizia moshi. Nilimwosha mtoto, nikajaza kadi, nikamwita bibi yake aingie.

Mama mkwe aliingia amefunga kanga mpya. Binti alikuwa amepitiwa na usingizi. Bibi hakumgusa mtoto kwanza. Alichukua kadi, akaenda nayo dirishani kwenye mwanga, akaweka kidole kwenye jina la mama, akasoma kwa midomo bila sauti, polepole, mpaka uzito. Nilitazama kile kidole kinavyotembea chini ya maneno, na udongo mweusi wa karoti kwenye ukucha.

"Nesi, mwanangu," akasema bila kugeuka, "lile daftari nililichukua mimi."

Alinieleza kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo. Siku ile aliwahi kuja darasani, kabla ya wote, ajizoeze peke yake. Akafungua ukurasa mpya, akaanza. Ulimchukua muda mrefu, ulikuwa mstari wa kwanza maishani kuusoma bila mwalimu na bila wenzake, na alipofika mwisho wake akasikia sauti za watu wanapandisha njia. Akaliingiza daftari ndani ya kanga, akaenda nyumbani, akajilaza akasema kichwa.

Nikamuuliza kwa nini alikaa nalo siku mbili. Akasema alilisoma tena na tena ahakikishe hakukosea, maana hapakuwa na mtu wa kumuuliza.

Nilikaa kwenye stuli. Miezi saba. Mwanamke yule, ambaye habari ya funza wa jirani haikuwahi kulala nyumbani kwake, alikuwa amekaa na habari ile miezi saba, akatukanwa bombani, akashusha kabichi, akapandisha kuni, akasengenywa na mkwe wake na nesi wake. Nilitaka kumwomba radhi nikakosa pa kuanzia. Nikaweza tu kumuuliza kwa nini hakumwambia mkwe wake kwamba anajua, angalau wao wawili wafarijiane.

"Yeye hakuniambia," akasema. "Basi mimi sikujua. Na wewe usimwambie."

Nikamwahidi. Safari hii kalamu ilikuwa mezani, mbali na mkono wangu. Akanirudishia kadi, akamwinamia mtoto, akamnusa kichwani, akamwangalia mkwe wake aliyelala, akamvuta shuka mpaka begani. Kisha akauliza kama sasa inaruhusiwa kusema. Nikasema, mama, sasa inaruhusiwa.

Akatoka barazani, akajifunga kanga vizuri kiunoni, akapiga vigelegele. Wauza plamu wakasimamisha mikokoteni. Ng'ambo ya bonde wanawake wakaacha majembe wakaitikia bila hata kujua wanaitikia nini, naye akawaambia, jina la mama, jinsia ya mtoto, kilo tatu na nusu, yote, neno kwa neno, mpaka sauti ikamkauka.